Safu ya Mwisho

Mali bila daftari huisha bila habari.
Ndivyo nilivyowaambia mwezi Januari,
wanachama tisa wa klabu, buti zikidondosha theluji
kwenye sakafu ya ukumbi wa Walutheri.
Nikawagawia madaftari ya jalada la kijani,
kila ukurasa na safu zake:
tarehe, kazi, gharama, uzito,
na ya mwisho, pana kuliko zote, Nilichojifunza.

Sasa ni Oktoba. Madaftari yamerudi.
Nayasoma jikoni, kalamu nyekundu sikioni,
upepo wa Montana ukijaribu kitasa cha mlango.

La Emmeline Bratvold linanukia mdalasini.
Mikate arobaini na miwili ameoka tangu masika,
na kwa kila mmoja amebandika kipande cha ganda.
Wa saba: "Nilisahau chumvi. Babu alikula, akasema mtamu.
Nimejifunza kutomwamini babu."

La Casimir Oyler, ukurasa mmoja tu.
Kibanda cha kuku: dola kumi na nane, na misumari ya kuomba.
Nilichojifunza: "Pima kabla."
(Nimekiona kibanda. Kuku huingia kiubavu.)

Mapacha wa Dragoo wameandika daftari moja kwa mikono miwili,
huyu akikanusha asemayo yule,
nami sijui nimpe nani alama za nyuki.

La Jory Halvorsen nililiacha mwisho.
Aprili: mwanakondoo jike, ratili tisa, jina lake Kitufe.
Mei: ratili ishirini na nane. Maziwa ya unga, dola sitini.
"Ananifuata mpaka kwenye basi la shule."
Juni: hamsini na moja.
Julai tisa: "Mvua siku nne. Manyoya hayajakauka."
Julai kumi na mbili: "Nzi."
Julai kumi na nne, mahali pa uzito, kistari.

Na katika safu ile pana
ambayo wenzake wameijaza subira na uwajibikaji,
maneno waliyoyaokota kinywani mwangu,
yeye ameandika neno moja, akalikata, akaliandika tena:
Funza.

Nilidhani mtoto kaishia njiani,
alitaka kusema nimejifunza, mkono ukachoka.
Kisha ikanijia ile harufu, ya jeraha lililofunikwa na sufi,
nikaona neno langu lilivyobeba wadudu wake tumboni,
ku-ji-funza,
miaka yote nikilitamka mbele ya watoto
bila kuyapekua manyoya yake.

Lakini kanuni za kaunti zinataka sentensi tatu kamili.
Nikampigia saa tatu usiku. Mama yake akamwita.
"Jory, huna la kuongeza?"
Kimya. Friji yao ikinguruma.
"Umegeuza?"
Sikuwa nimegeuza.

Nyuma ya ukurasa, kwa penseli iliyochafuliwa na kiganja,
kuna kondoo wa mistari: mshale chini ya mkia,
mshale nyuma ya sikio, mshale kwapani,
na maandishi madogo ya mtu asiyetaka kusumbua:
"Atakayefuga mwakani, pekua hapa kila asubuhi.
Ikinyesha, pekua mara mbili.
Usingoje aache kula."

Nikazihesabu. Tatu.

Kalamu nyekundu nikaiweka kando, nikatafuta ya bluu.
Chini kabisa pana mistari ya Maoni ya Kiongozi,
ambapo kwa miaka kumi na tisa nimeandika
hongera, endelea hivyo hivyo.
Nikaandika:
"Julai nilipita kwao mara mbili.
Nililikagua daftari. Kondoo sikumgusa."